Ngoma za Baba Hazijaota Moto

Jumapili, 10 Agosti

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia tumbo likiwa la miezi saba, na leo Mitchel ana miezi mitano na meno mawili ya chini. Hesabu mwenyewe nimekaa kimya muda gani. Sina kisingizio. Nimenyonyesha, nimefua, nimesinzia nimeshika mwiko. Na nisikudanganye, bila hasira hata leo nisingekufungua.

Hasira ninayo.

Baada ya ibada Khalayi wa kwaya alinisogezea simu. "Mama Mitchel, si hii ni bendi yenu?"

Bango. NGOZI YA KENGE, tamasha la muziki, Kakamega, Jumamosi hii. Bramwel na gitaa lake. Tyson nyuma ya ngoma zake za kizungu. Mbele yao, chini, ngoma tatu za isukuti za baba yangu: kubwa, ya kati, ndogo. Na pale ninaposimama mimi kunguruma — Cindy! Amefungua mdomo kama anayetolewa jino.

Cindy nampenda, ni msichana mpole. Anaimba vizuri kwenye harusi. Lakini kunguruma? Cindy hawezi kunguruma hata gari likimkanyaga kidole.

Sasa ni nani anayenguruma?

Januari Bramwel alikaa kwetu, akanywa chai vikombe viwili, akasema, "Pumzika, Zippy. Ukijifungua nafasi yako iko." Ngoma nikamwachia ili wafanye mazoezi. Nilimwachia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Jina la bendi nilitoa mimi. Ngozi iliyo kwenye ngoma za baba ni ya kenge. Nilisema kwa mchezo, wakacheka, likabaki.

Mitchel analia. Nitarudi.

Jumanne, 12 Agosti

Tyson amekuja. Anabeba watu kwa pikipiki, kwa hiyo akapitia hapa akijifanya ana abiria wa karibu. Nilimwuliza pale pale nje kabla hajavua helmeti.

"Nani ananguruma?"

Akaangalia viatu.

"Tyson."

"Ni wewe, Zippy. Iko kwa laptopu."

Nilidhani ni rekodi za mazoezi. Siyo. Ni ile ya matanga.

Sijawahi kuliandika hili vizuri, wacha niliandike. Miaka mitatu iliyopita, walipotoa jeneza la baba nje, mimi nililia. Nililia vile mama na nyanya yangu wanavyolia, kutoka chini ya tumbo, mpaka sauti ikapasuka ikawa ya mnyama. Sikujua ninayo. Bramwel ni jirani, alikuwa kando ya migomba, ameinua simu. Mwezi mmoja baadaye alinisikilizisha. Akasema gitaa lake limekuwa likitafuta sauti hiyo kutoka siku alipolinunua. Sikukasirika siku hiyo, ndiyo ajabu. Nilimwambia: nitalia mwenyewe, kila wimbo, nikiwa hai, nimesimama. Lakini hiyo ufute. Akaapa. Akashika Biblia ya mama! Hivyo ndivyo bendi ilivyoanza. Gitaa zito, isukuti, na mimi. Hakuna mtu hapa alikuwa amesikia kitu kama hicho. Watu walitoka kwenye ukumbi wa kanisa wakishika vifua.

Na sasa kilio cha baba yangu kiko kwa kompyuta. Kinabonyezwa kama mlio wa simu.

Nilimtuma Tyson: mwambie Bramwel afute, arudishe ngoma.

Tyson alipokuwa akiwasha pikipiki nikamwuliza kama angalau ngoma zinaota moto. Akacheka kidogo. "Hapana, hiyo tumeacha. Bram amepata mashine ya moshi. Inatoa mwingi kuliko ule wako."

Nikaingia ndani.

Kuliko ule wangu!

Jumatano, 13 Agosti

Nimefua tangu asubuhi na nimecheka peke yangu mara tatu. Mama anadhani maziwa yamenipanda kichwani.

Walidhani ni urembo. Miaka yote hiyo, kila mara kabla ya kupiga, nachoma majani makavu ya migomba, nashikilia ngoma juu ya moto, nageuza, nagonga kwa kidole, nasikiliza. Walisimama pale wakipiga picha. Wakaona moshi. Hawakuona ngozi!

Ngozi ya kenge inakunywa hewa. Kakamega hii, mvua kila alasiri, ngoma ikilala siku mbili inalegea kama sikio la mbuzi. Lazima iote moto mpaka ikaze. Baba alikuwa akisema ngoma ni mzee, huwezi kumtoa kwa baridi na kumwambia aongee. Hiyo kazi ilikuwa yangu kutoka nina miaka saba. Yeye anapiga, mimi naipasha. Na kwa Bramwel ngoma zinalala kwenye stoo ya mabati, chini ni saruji.

Neno moja tu lingetosha. "Bramwel, zipashe moto."

Sitalisema.

Alhamisi, 14 Agosti

Bramwel alipiga simu mwenyewe. Sauti ya mtu aliyevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba.

Ati nisilete mambo ya nyumbani kwenye sanaa. Ati isukuti ni ya jamii yote, siyo ya mtu. Ati kilio ni "malighafi". Nikamwuliza malighafi ni nini, akasema ni kama miwa kabla ya kiwanda. Baba yangu ni muwa!

Halafu akasema, polepole, kama anaongea na mgonjwa: "Wewe ni mama sasa, Zippy. Nyonyesha mtoto."

Nilikuwa nanyonyesha. Nilikata simu kwa kidevu.

Nimemweleza mama. Alikuwa anachambua mboga ya mrenda. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye laptopu.

"Wameweka kilio kwa mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna maiti?"

"Hakuna."

"Basi nani atajibu?" Akarudia mrenda wake. Baadaye kabisa, nikidhani amesahau, akasema: "Watu wa Iguhu wakisikia hiyo watakuja na majani mkononi, vile tunavyokimbilia msiba. Hao hawajui tamasha."

Ijumaa, 15 Agosti

Mume wangu Erastus amepiga kutoka Mumias. Wanakata miwa mpaka Jumapili, hawezi kuja. Alikuwa amesikia kutoka kwa ndugu yake.

"Usiende kupigana na mtoto mgongoni."

"Siendi kupigana. Naenda kusikiliza."

"Zipporah."

"Naenda kusikiliza, baba Mitchel."

Akasema nimvike mtoto kofia nzito, masikio yasiumie. Kwa hiyo anajua nitasimama wapi.

Mvua imeanza saa nane. Nimesimama mlangoni nikiitazama inavyopiga mabati ya jirani. Nyesha. Nyesha mpaka kwa Bramwel. Ingia kwenye stoo.

Jumamosi, 16 Agosti

Wacha niandike kabla sijapoteza hata kidogo.

Mimi na Mitchel tulifika saa saba. Uwanja umejaa matope, mahema, mahindi ya kuchoma, vijana wa chuo wamejipaka wanja. Utaratibu wao ni huu: leo ni bendi changa, na zile zitakazopendwa zinarudi Jumamosi ijayo kwa jukwaa kubwa. Kwa hiyo leo kwao ilikuwa kufa au kupona. Nilijua. Mitchel nilimfunga mgongoni, kofia ya sufu, juu yake kofia nyingine. Mvua ilishuka, ikakatika saa nane na nusu.

Ngoma zilikuja kwa pikapu iliyo wazi. Zimefunikwa gunia. Gunia limelowa! Nikamwona Tyson anapangusa ngozi kwa taulo. Taulo. Mdomo wangu ulifunguka, daftari, nakuapia, jina lake lilikuwa kwenye ulimi. Moto wa mahindi ulikuwa hatua kumi kutoka pale alipokuwa.

Halafu nikaona spika ya mbele imefunikwa leso nyeusi. Leso yangu. Ile niliyojifunga siku tulipomzika baba.

Nikafunga mdomo.

Walianza saa tisa. Nisiwe mwongo: gitaa la Bramwel bado ni kitu. Lilikuja kutoka chini kama trekta la miwa linapanda mlima, zito, polepole, matope yakatetemeka kwenye viatu. Watu wakaacha kutafuna. Tyson akaingia na ngoma ya mguu. Watoto wa chuo wakaanza kutikisa vichwa. Nilijua kinachofuata, mimi ndiye nilikipanga: kila kitu kinanyamaza, na isukuti kubwa inaongea peke yake.

Kila kitu kikanyamaza.

Pwa.

Kama obusuma, ugali wetu, inaangushwa kwa sahani.

Mwanamume mmoja kando yangu: "Hiyo ni ngoma ama ni matope?"

Mwenzake: "Iko mimba, wachana nayo."

Tyson akapiga tena. Pwa. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Bramwel akamgeukia, nikasoma midomo: piga kwa nguvu! Mashine ya moshi ikakohoa, Cindy akapotea kabisa, ikabaki mkono na maiki. Mzee mmoja akapaza sauti, "Moshi mnao, moto uko wapi?" Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, lakini asiharakishe.

Tyson akapiga ya tatu, kwa nguvu zake zote.

Krraa.

Nilisikia mgongoni mwangu, kama ni mimi nimepasuka. Ngozi ya ngoma kubwa, kando, karibu na kigingi. Hicho sikukitaka. Naandika hapa mbele yako: hicho sikukitaka.

Ndipo Bramwel akabonyeza laptopu.

Sijawahi kujisikia kwa spika kubwa. Nilikuwa na miaka ishirini, namwita baba yangu. Nywele zilinisimama. Na nikaona wanawake waliokuwa wakiuza mahindi na ndizi wanasimama mmoja mmoja, mikono kichwani. Mmoja akavunja tawi kwenye ua. Wakaja wakikimbia, majani mkononi, vile mama alivyosema, wanaitikia, wanauliza watu, "Ni nani? Ni nani ametuacha?" Wakafika mpaka chini ya jukwaa.

Cindy anafungua mdomo, anafunga. Kilio kinaendelea akiwa amefunga.

Mama mmoja wa mahindi, mnene, aproni ya kijani, akamshika mguu. "Mwanangu, ni nani wako amekufa?"

Cindy, na maiki iko mdomoni: "Hakuna."

Uwanja mzima ulisikia. Hakuna.

"Sasa mnalilia nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Na mashine haina aibu, kilio kilifika mwisho kikaanza upya. Baba yangu akatolewa nje mara ya pili. Akatolewa mara ya tatu.

Sikupanga. Nilienda kusikiliza, nilimwambia Erastus hivyo na nilimaanisha. Lakini tumbo lilijikaza lenyewe, kama uchungu wa kuzaa, na nikajibu. Kutoka chini. Wanawake wakageuka. Wakanipisha. Nilimfungua Mitchel nikamweka mikononi mwa yule mama wa aproni ya kijani, hata jina lake silijui, nikapanda.

Nilimtoa Cindy maiki mkononi. Polepole, sikumsukuma. Alikuwa analia. Nikachomoa waya wa laptopu. Nikanguruma.

Niliwangurumia wote. Bramwel na Biblia ya mama. Malighafi. Nyonyesha mtoto. Hakukuwa na maneno, ni sauti tu, na wale wanawake chini wanaitikia na matawi. Tyson akanifuata kwa ngoma ya mguu. Na Bramwel — hana haya huyo! — Bramwel akaingiza gitaa chini ya sauti yangu, pale pale linapofaa. Ikawa nzuri. Ndicho kinachonikera zaidi leo. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Nilipomaliza nilirusha maiki chini, nikachukua ngoma ndogo kwapani, nikavuta leso yangu kwa spika, nikashuka. Mitchel alikuwa anatafuna jani.

Langoni mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinikimbilia, matope mpaka magotini. Jina ni Chepkorir, anatoka Eldoret, ni mmoja wa wanaopanga tamasha. Akauliza mimi ni nani kwenye hiyo bendi.

Nikamwambia: "Mimi ndiye hiyo sauti. Waulize wao ni nani."

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Koo limeisha. Nimechoma majani makavu nyuma ya jikoni, nikaipasha ngoma ndogo. Ilichukua muda. Kwanza ilikuwa imelala kabisa. Nikageuza, nikageuza. Halafu ti! Ikaongea. Mitchel akaruka, akacheka.

Nilidhani mama atafurahi. Alikaa kwenye jiwe akanitazama mpaka moto ukaisha.

"Ulijua hazijaota moto."

"Nilijua."

"Na ulikuwa pale mapema."

"Ndiyo."

"Ukaacha ngoma za baba yako zichekwe mbele za watu."

Nikasema walichekwa wao, siyo ngoma. Mama akasema, "Aliyepasuka ni nani?"

Akaenda kuosha vyombo.

Nimekaa na hilo siku nzima. Nilitaka Bramwel aumie, na nikamtumia baba kama fimbo. Lakini hasira haijapungua, daftari. Imekuwa na macho tu.

Jumatatu, 18 Agosti

Chepkorir amepiga. Wamekaa, wamekubaliana. Ngozi ya Kenge wanarudi Jumamosi, jukwaa kubwa, saa kumi na mbili jioni. Kwa sharti moja: sauti iwe ya mtu, siyo ya mashine. "Na nimewaambia ni wewe ama hakuna," akasema. Wanataka jibu Alhamisi, adhuhuri.

Saa tisa Bramwel akafika. Bila miwani. Amebeba sukari kilo mbili na mkate. Akamsalimia mama kwa magoti karibu yaguse chini.

Ati tulikosana kidogo. Ati sisi ni familia. Ati Jumamosi tukipanda pamoja hakuna atakayekumbuka.

"Mimi nitakumbuka," nikasema.

"Zippy, unataka nini? Nipige magoti?"

"Umefuta?"

Akakuna shingo. "Nimeiweka mahali salama."

Mama alipokea sukari. Akapokea mkate. Akamwambia, "Asante, baba. Sasa nenda nyumbani, mtoto analala." Mitchel alikuwa macho, anamtazama Bramwel bila kupepesa.

Jumanne, 19 Agosti

Meno. Hajalala, sijalala.

Ningeweza kukataa. Alhamisi adhuhuri nisiseme kitu, bendi ife. Nimeionja hiyo, ni tamu kama miwa. Halafu nakumbuka ule wakati gitaa liliingia chini yangu. Nakumbuka wale wanawake. Natamani kupanda hilo jukwaa kuliko ninavyotamani usingizi, na nimetamani usingizi kwa miezi mitano.

Lakini sitapanda kama mtu aliyesamehewa. Sikukosa mimi.

Jumatano, 20 Agosti

Tyson amekuja, ametumwa. Hakuvua hata jaketi. "Bram anasema sema unachotaka, chochote, nikibebe sasa hivi. Mimi pia naomba, Zippy. Na ile ngoma, pole. Nilipiga kama mjinga."

Nikamwambia ulipiga ulivyoambiwa. Nikamweleza habari ya moto. Yote, ngozi, hewa, majani. Alifunika uso. "Si ungesema?" Nikamwambia, ndiyo, ningesema. Nikamtilia chai.

Sasa amekaa mlangoni na chai, Mitchel yuko kwenye goti lake anavuta zipu. Naandika hapa kwanza, nitanakili kwa karatasi safi. Sipandi jukwaa wala simpigii Chepkorir mpaka hivi viwe vimefika kwa mama, kesho kabla ya adhuhuri:

Ngoma kubwa, vile ilivyo, na ufa wake. Wasiigandishe kwa gundi. Wasiiguse.

Ngoma ya kati. Ije ndani ya blanketi, siyo gunia.

Pembe ya baba, ile ya kupuliza. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, wasiseme haionekani.

Simu ya zamani ya Bramwel, ile yenyewe, na namba ya kuifungua. Na laptopu ije nayo. Nitafuta mwenyewe, mama akiwa amekaa hapa.

Buti zangu nyeusi, saizi tano.

Bango jipya. Jina langu lote liandikwe, na chini yake jina la baba, kwa sababu ngoma ni zake.

Cindy. Aje mwenyewe, kesho asubuhi, na leso. Simchukii. Kilio kinataka mtu wa kujibu, na sauti yake ni ya kujibu. Mama atamfundisha. Kwanza atashika mtoto nilale saa moja.

Tyson amenyoosha shingo anasoma. "Na Bram mwenyewe? Nimwambie aje?"

Nimeangalia nje. Mawingu yameshafika juu ya msitu.

Majani makavu ya migomba, mafungu mawili makubwa. Ayakusanye Bramwel mwenyewe, kwa mikono yake, kwenye migomba yetu, pale pale aliposimama na simu. Tena aanze leo, kabla haijanyesha. Yakiwa na unyevu hata kidogo, nitayarudisha.